Kilo Ngapi

Jumatatu, lori la kwanza halijageuza tela sokoni Kibaigwa,
mechi ilikuwa imeshachezwa upya mara nne
juu ya magunia ya mahindi.
Kazi yangu ni mizani. Nasoma sindano, nataja kilo,
karani anaandika. Sina timu mimi, huwaambia hivyo,
ingawa Jumapili nilipayuka mpaka sauti ikakauka.

Tulikuwa mbele kwa bao moja. Dakika ya themanini na moja,
kona ya Mpwapwa, upepo wa Julai unausukuma mpira ndani.
Ndahani akaruka, yule mrefu wao akaruka,
ukatoka mlio ambao haukuwa wa mpira:
kibuyu kugonga kibuyu.

Akainuka. Tukapiga makofi. Akajipangusa vumbi magotini,
akatembea polepole, bila wasiwasi,
akaenda kujipanga na washambuliaji wa Mpwapwa.

Watu walicheka. Na mimi nilicheka.

Nesi Mbeleje aliingia na mkoba wake,
akamshika kidevu, akamuuliza jambo,
akageukia benchi, akatikisa kichwa.
Kocha Msagala alikuwa amebakiza badiliko moja.
Akaingia Yona, miaka kumi na saba, soksi za kuazima,
na dakika ya tisini na nne Yona akaruka
wakati mpira umeshapita.
Moja moja. Kisha penalti. Mengine mnayajua.

"Dakika tisa!" Mnyukwa analipiga gunia konzi.
"Tisa na nyongeza! Angesimama tu kama nguzo,
wangemwogopa! Enzi zetu unamwagiwa maji kisogoni,
unatema, unaendelea. Mimi nimemaliza mechi
jino langu likiwa mfukoni!"

"Jino," anasema Sechelela wa uji, macho kwenye sufuria,
"lilipotoka, ulisahau kwenu ni wapi?"

Dalali Nhonya ana kesi nyingine kabisa:
kosa ni la dakika ya sabini, winga kutolewa,
beki wa tano kuingia, basi kupakiwa mapema.
"Ukiita mvua, usilalamikie tope."
"Lakini sheria ya kichwa..."
"Sheria ya wapi? Ya wenye benchi la watu kumi na wawili!
Sisi tuna Yona."
"Kichwa chenyewe ni cha hapahapa," anasema Sechelela.
Anakoroga.

Msinione nimekaa kimya mkadhani nina hekima.
Nilikuwa upande wa Mnyukwa. Dakika tisa, nilijiambia,
mtu hafi kwa dakika tisa.
Na mimi ndiye ninayeitambua lumbesa kwa jicho tu,
gunia lililoshindiliwa likashonewa kilemba juu,
nikasema: hili hapana, litamvunja mtu.

Saa tatu akaja Ndahani. Gunia halimjui mgonjwa,
na kwake kuna watoto wawili na kodi.
Uvimbe juu ya jicho kama zabibu iliyoiva.
Wakamshangilia, akatabasamu nusu uso.
Akabwaga gunia kwenye mizani.
"Ngapi?"
"Mia na nne."
Akafuta jasho. Akalitazama jua
kwa jicho moja, kama mtu anayedaiwa nalo.
"Ngapi?"
"Mia na nne, Ndahani."
"Haya."
Akainama alibebe, akasita katikati,
mkono mmoja kwenye gunia, mwingine ukitafuta ukuta
usiokuwepo.
"Kaka. Umesema ngapi?"

Kalamu ya karani ilisimama.
Sechelela alileta kigoda, halafu kikombe, hakuomba pesa.
"Kaa. Mbeleje yuko zamu, nitakupeleka mwenyewe."

Mnyukwa akashuka pale juu alipokuwa.
Hakusema neno. Aliinamisha mgongo wake wa miaka hamsini na tatu,
akalibeba lile gunia mpaka kwenye lori,
miguu ikitetemeka, akarudi akihema,
akasimama karibu na kigoda, mbali kidogo,
akasugua shingo.

"Ila ile penalti ya tatu," akasema,
akimtazama kila mtu isipokuwa Ndahani,
"hivi nani alimruhusu kipa akapige?"